Saini inayojiandika: ipe uwazi bila kuitia uzito

Wengi wanaonijia wakitaka saini yenye mwendo ya kuweka chini ya barua pepe huwa wameshajaribu wenyewe. Faili wanazoniletea zina kasoro zilezile mbili: ukingo mweupe unaojitokeza kuzunguka jina msomaji anapowasha hali ya giza, na uzito usiolingana kabisa na kijipicha cha ukubwa ule. Programu za bure mtandaoni hulaumiwa, lakini mara nyingi hazina kosa. Tatizo ni kwamba mwendo wenyewe ulichaguliwa bila kujua GIF, aina ya faili ya picha zenye mwendo, inaweza nini na haiwezi nini.

GIF ilitolewa na kampuni ya CompuServe mwaka 1987, na toleo la 1989, yaani GIF89a, ndilo lililoleta uwazi, yaani sehemu zinazopitisha rangi ya nyuma, na muda wa kila fremu, yaani kila picha moja inayounda mwendo. Paleti yake, yaani orodha ya rangi zake, haizidi rangi 256, na nafasi moja tu kati ya hizo ndiyo inayotengwa kuwa uwazi. Nusu uwazi haupo. Pikseli, yaani kitone kimoja cha picha, ama inaonekana ama haionekani.

Hapo ndipo ukingo mweupe unapozaliwa. Programu za kuchora hulainisha pembeni mwa mstari kwa pikseli zenye uwazi wa kiasi. Ukihifadhi kama GIF, pikseli hizo lazima zichanganywe na rangi fulani, na usipoichagua wewe, kwa kawaida huwa nyeupe. Ukijua saini itakaa juu ya rangi gani, changanya na rangi hiyo. Kwenye GIMP, programu ya bure ya picha, kazi hiyo hufanywa na amri ya Semi-Flatten. Kwa barua pepe huwezi kujua, kwa hiyo mimi nakata ukingo moja kwa moja kwa amri ya Threshold Alpha, bila ulainishaji wowote. Ikitazamwa hivyo saini inaonekana ina meno. Ndiyo maana naichora kwa ukubwa mara mbili, kisha naagiza ionyeshwe kwa nusu ya upana wake: kivinjari kinapoipunguza hulainisha ukingo chenyewe, na huulainisha kwa kufuata rangi iliyopo nyuma. Wino nao uwe wa rangi ya wastani, bluu au kijani iliyokolea kiasi, unaosomeka juu ya nyeupe na juu ya nyeusi.

Sasa uzito. Kila fremu ya GIF hubeba agizo la nini kifanyike muda wake ukiisha: iachwe palepale, eneo lake lifutwe, au irudishwe hali iliyokuwepo kabla yake. Picha yenye mandharinyuma ya rangi ni rahisi kuipunguza, maana ukitaka kuondoa mstari unapaka rangi ya mandharinyuma juu yake. Kwenye uwazi huna cha kupaka. Pikseli ya uwazi haifuti kitu, inapitisha tu kilichoko chini yake. Kwa hiyo jina linaloteleza, linalozunguka au linalodunda hulazimisha kila fremu ifutwe na jina zima lichorwe upya. Fremu 30, majina 30.

Jina linalojiandika halina shida hiyo, kwa sababu wino unaongezeka tu. Kila fremu inaachwa palepale, na inayofuata hubeba kile kipande kipya peke yake, pengine mkunjo wa herufi moja. Mteja akiniomba saini inayofifia polepole huwa namkatalia: kufifia kunahitaji nusu uwazi ambao GIF haina.

Fremu zenyewe nazitengeneza kinyumenyume. Naanza na saini iliyokamilika, naizalisha tabaka baada ya tabaka, na kwenye kila tabaka nafuta kidogo zaidi kutoka mwisho wa mwandiko kurudi mwanzo. Pale mistari inapokatana, kama kitanzi cha g kinapopita juu ya mkia wake, acha njiapanda nzima ibaki mpaka ufike kwenye mstari wa kwanza. Ukiikata mapema, saini itaonekana na tundu. Kwenye kona fremu zikaribiane, kwenye mstari mrefu wa mwisho mbili zinatosha, kwa sababu mkono hauendi kwa kasi moja. Na usitumie saini unayotia kwenye hundi na mikataba. Saini safi yenye uwazi inapachikwa juu ya hati yoyote kwa dakika moja. Andika jina lako kwa mwandiko mwingine.

Rangi tatu za wino pamoja na uwazi zinatosha. Paleti iwe moja kwa fremu zote, maana paleti kamili ya rangi 256 inakula baiti 768 kila inaporudiwa. Zima kunyunyiza rangi (dithering), yaani kutawanya vitone vya rangi chache ili kuiga rangi nyingine: LZW, njia ya GIF ya kubana data, hupenda mfululizo unaojirudia, na vitone vilivyotawanyika huuvunja. Baada ya hapo programu ya gifsicle, kwa agizo la -O3, itakata kila fremu ibaki na eneo lililobadilika.

Muda wa fremu huhesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde. Usiandike 0 wala 1, kwa kuwa vivinjari huzigeuza kuwa 10. Mimi naanzia 4.

Outlook ya Windows, matoleo ya 2007 hadi 2016, huonyesha fremu ya kwanza tu. Ikiwa fremu hiyo ni tupu, mpokeaji anaona pengo. Naweka saini kamili mwanzoni kwa sekunde moja, naipa agizo la kufutwa, ndipo jina linaanza kujiandika. Kurudiarudia nakuzima: icheze mara moja, isimame ikiwa imekamilika. Saini inayochezacheza pembeni wakati mtu anasoma ni kero.

Kwa ukurasa wa wavuti, achana na haya yote utumie APNG, aina nyingine ya faili ya picha zenye mwendo. Ina viwango 256 vya uwazi, Firefox inaisoma tangu 2008 na Chrome tangu 2017, na inakuruhusu kuweka picha ya akiba isiyo sehemu ya mwendo, kwa programu zisizoielewa. Hapo hata kufifia kunawezekana.