Jiwe la Manda maabarani: maana ya uchambuzi wa kemia ya miamba

Uchambuzi wa kemia ya miamba ni kazi ya kujua jiwe limeundwa na elementi zipi, na kila moja imo kwa kiasi gani. Macho hufika mahali yakakoma. Mtu wa Lamu hulijua jiwe la matumbawe lililochongwa Maweni, kisiwani Manda, kwa kulitazama tu. Anayefika Marafa, bara ya Malindi, akaona magenge mekundu ya Nyari, hahitaji kuambiwa kwamba rangi ile ni ya chuma kilichoshika kutu. Lakini chuma kiasi gani? Na ndani ya tumbawe mna nini zaidi ya chokaa? Hapo ndipo maabara inapohitajika.

Kazi huanza kwa nyundo. Ganda la nje, lililopigwa na jua na chumvi, huondolewa. Kilichobaki hupondwa, kisha husagwa mpaka kiwe unga usiokwaruza vidoleni. Sababu ni kwamba mashine hupima kiasi kidogo mno, na kiasi hicho lazima kiwakilishe jiwe zima. Kinu chenyewe kinaweza kusema uongo: cha tungsteni kabaidi, mchanganyiko mgumu wa metali na kaboni, huacha tungsteni na kobalti ndani ya unga, kwa hiyo anayetafuta elementi hizo husagia kwenye kinu cha akiki. Kwa maoni yangu hatua hii inastahili heshima kuliko inayopewa. Sampuli iliyochafuka haitakaswi na mashine yoyote, hata iwe ya bei gani.

Baada ya hapo kuna kipimo ambacho waashi wa pwani wanakijua kwa mikono yao. Unga hupimwa kwenye mizani, huingizwa kwenye tanuri la nyuzijoto karibu 1,000, kisha hupimwa tena. Uzito uliopotea ni wa maji na hewa zilizokuwa zimefungwa ndani ya madini. Kwenye tumbawe upotevu huo ni mkubwa sana, kwa kuwa karibu lote ni kabonati ya kalsiamu: gramu 100 za kabonati safi hutoa gramu 44 za kaboni dioksidi na kubakisha gramu 56 za chokaa isiyozimwa. Hayo ndiyo hutokea mawe yanapochomwa kwenye tanuu la chokaa. Mtaalamu asiyefanya kipimo hiki atajumlisha majibu yake na kukuta zaidi ya asilimia 40 ya jiwe haijulikani iliko.

Unga uliochomwa huchanganywa na chumvi za borati ya lithiamu, huyeyushwa, na kumiminwa ukawa kidonge cha kioo. Kidonge hupigwa eksirei. Elektroni ya ndani ya atomu hung'oka, ya nje hushuka kujaza pengo, na atomu hutoa eksirei yake yenyewe, yenye nishati ya elementi hiyo peke yake. Mwaka 1913 Mwingereza Henry Moseley alionyesha kwamba nishati hiyo hupanda kwa mpangilio kufuata namba ya atomiki, yaani idadi ya protoni katika kiini cha atomu, na kipimo hiki kinasimama juu ya ugunduzi huo. Silika, alumina, chuma, kalsiamu, vyote husomeka vizuri. Kaboni haisomeki hivyo: ni nyepesi mno, miali yake hafifu humezwa kabla ya kufika kwenye kipokezi cha mashine.

Elementi zilizomo kwa uchache sana zina njia nyingine. Jiwe huyeyushwa kwa asidi. Matumbawe huyeyuka upesi hata kwa asidi dhaifu, lakini miamba yenye silika hudai asidi ya haidrofloriki, ambayo hula kioo na hupenya ngozi mpaka mfupani. Hakuna anayepaswa kuigusa bila mafunzo. Myeyusho hupulizwa kama ukungu ndani ya hewa ya argoni yenye joto la maelfu ya nyuzi, atomu hugeuka ayoni, yaani atomu zenye chaji ya umeme, na mashine huzitenganisha kwa uzito. Hugundua hata sehemu moja katika bilioni.

Mashine hiyohiyo inaweza kulishwa kwa leza inayochoma vitundu vidogo juu ya kipande kikavu, bila kukiyeyusha. Tumbawe la umri wa karibu miaka 300 kutoka bahari ya Malindi lilichunguzwa hivyo, na matokeo yakachapishwa 2007. Tumbawe hukua tabaka kwa tabaka, na tope la Mto Sabaki likifika baharini huachia metali ya bariamu, ambayo hukaa mahali pa kalsiamu kwenye mifupa ya tumbawe. Watafiti walikuta bariamu ikianza kupanda mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ardhi ya bara ilipokuwa ikifyekwa kwa mashamba ya kikoloni, na udongo wake ukaanza kuteremka kwa wingi hadi pwani.