Ruzuku kwa vikundi: yanayosemwa vijiweni na yaliyomo kwenye mkataba

Simu huwa ni ya aina moja. Mtu anasalimia kwa kirefu, anauliza hali ya nyumbani, kisha anaingia kwenye jambo lake: "Kaka, tumesikia kuna wafadhili wanatoa hela. Tuandikie andiko." Ukimuuliza mfadhili ni nani, anafadhili kitu gani na mwisho wa kuomba ni lini, kimya. Nimekaa na vikundi vingi vya mitaani na vijijini hapa Tanzania wakiandaa maombi ya ruzuku. Mengi yalikataliwa, machache yalipita. Yaliyokwama hayakukwamishwa na mwandiko. Yalikwamishwa na mambo ambayo wanakikundi walikuwa wameshayaamini kabla hata ya kushika kalamu.

"Nendeni halmashauri, kuna hela za bure za asilimia kumi"

Hela zipo, za bure hazipo. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kwa kifungu cha 37A kilichoongezwa mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Lakini huo ni mkopo. Hauna riba, ila unarejeshwa. Serikali iliusimamisha Aprili 2023 kwa sababu ya kasoro katika utoaji na urejeshaji, ukarudi 2024. Kikundi kinachofuga kuku au kushona nguo kinaweza kuuchukua kikapumua, maana kina kitu cha kuuza. Kikundi kinachotaka kujenga choo cha shule hakina cha kuuza. Kikikopa, wanakikundi ndio watakaokilipia choo hicho kutoka mifukoni mwao. Hao ni wa ruzuku, na ruzuku hutafutwa kwenye mlango mwingine.

"Bila kuwa NGO hampati kitu"

Inategemea mnapiga hodi kwa nani. Kikundi cha kijamii kilichosajiliwa halmashauri kupitia kwa afisa maendeleo ya jamii, chenye katiba na akaunti ya benki, kinakubalika kwa baadhi ya wafadhili. Mpango wa ruzuku ndogo wa GEF (Mfuko wa Mazingira Duniani), unaoendeshwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ulianza mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa ngazi hiyo hasa: wanaotunza misitu, mikoko na vyanzo vya maji. Wengine hawakusikilizi mpaka waone cheti cha Msajili wa NGO.

Kinachonisikitisha ni kuona kikundi cha watu 15 kinakimbilia cheti kwa sababu ya tangazo moja. Usajili chini ya Sheria ya NGO ya mwaka 2002 una mzigo wake: taarifa za kila mwaka, hesabu za kukaguliwa, ada. Ruzuku ikikosekana, mzigo unabaki. Mara nyingi ni nafuu kushirikiana na shirika lililokwisha kusajiliwa, lipokee fedha na kuwajibika kwa mfadhili, ninyi mfanye kazi. Ila mwandikiane, hata kama mwenye shirika ni shemeji yako. Hasa akiwa shemeji yako.

"Wafadhili wameisha, Wamarekani wameondoka"

Tarehe 1 Julai 2025 USAID, shirika la misaada la Marekani, ilikoma kutoa misaada, na kilichobaki kikahamia Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Pigo lilikuwa zito, kwenye afya zaidi. Lakini kikundi cha kata hakikuwa kikipokea hela kutoka huko moja kwa moja. Kilikuwa mkono wa tatu au wa nne, nyuma ya mashirika makubwa.

Milango midogo bado ipo. Ubalozi wa Japani una ruzuku kwa miradi ya ngazi ya jamii, nayo imejenga madarasa, zahanati na visima. Mishahara na gharama za uendeshaji haigusi, kwa hiyo usiupelekee ubalozi mshahara wa mratibu. Kanada ina mfuko wake wa miradi ya wenyeji. Tangazo lake kwa kawaida hutoka mara moja kwa mwaka na muda wa kuomba ni mfupi, kwa hiyo kikundi kinachoanza kuitafuta katiba yake siku ya tangazo kimeshachelewa. Abilis ya Finland inafadhili vikundi vinavyoongozwa na watu wenye ulemavu wenyewe. Humu humu nchini ipo Foundation for Civil Society, inayotoa ruzuku kwa asasi za kiraia tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Foleni imerefuka, hilo sibishi.

"Andiko likiwa na Kiingereza kizito, hela inakuja"

Dhana hii inawalisha watu wengi mjini. Mtu ana andiko moja kwenye flashi, kazi yake ni kubadilisha jina la kijiji. Niliwahi kuletewa andiko la kijiji kikavu kabisa, watu wanafuata maji kwa punda, na aya ya tatu ikaahidi kuwainua wavuvi wa dagaa. Kikundi kilikuwa kimelipia. Hakuna mwanakikundi aliyekuwa amelisoma, kwa sababu hakuna aliyeielewa lugha yake.

Anayepitia maombi anatafuta vitu vikavu zaidi. Chukua kisima. Kwanza, eneo ni la nani? "Mzee fulani alitupa" haitoshi. Panatakiwa muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, wenye mahudhurio na saini, unaoonyesha kwamba eneo limetolewa kwa mradi. Nimeona ombi zuri likikwama hapo hapo: mzee alifariki, wanawe wakasema baba hakutoa kitu. Pili, kibali cha kuchimba, ambacho hutolewa na bodi ya maji ya bonde husika. RUWASA wilayani, yaani wakala wa maji vijijini, wana habari? Kisha swali linalotoa jasho: pampu ikiharibika mwaka wa pili, nani analipa, na ndoo itauzwa shilingi ngapi? Mwenyekiti akijibu kwamba Mungu atasaidia, mgeni kutoka kwa mfadhili anaitikia amina na kuandika kitu kingine kwenye daftari lake.

Na bajeti. "Semina: 6,000,000." Basi, mstari umeisha. Siku moja nilikaa na mweka hazina wa kikundi kimoja, mama mtu mzima, tukauchambua mstari huo kwa kalamu ya risasi. Washiriki 30, siku 2. Nauli 10,000 kwa siku, chai na chakula 15,000: hiyo ni 1,500,000. Mwezeshaji 150,000 kwa siku, 300,000. Ukumbi 100,000 kwa siku, 200,000. Madaftari na kalamu, 150,000. Jumla 2,150,000. Aliitazama, akacheka hadi akavua miwani. "Sasa ile nyingine tuliiandika ya nini?" Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walinakili kutoka andiko la watu wengine, nao pengine walinakili kwingine.

Andikeni Kiswahili cha kawaida kwanza, kile mnachoongea kikaoni, ndipo mtafute wa kutafsiri kama mfadhili anataka Kiingereza. Mpango ule wa GEF umewahi hata kupokea maombi kwa njia ya video, ili asiyejua kuandika asibaki nje. Na mfadhili akija kuwatembelea, atawauliza ninyi. Yule wa flashi hatakuwepo.

"Ombeni kubwa, watapunguza"

Hawapunguzi, wanaweka pembeni. Wanapitia akaunti yenu. Kikundi ambacho hakijawahi kushika zaidi ya laki nane kwa mkupuo hakiaminiki na milioni tisini, hata kama wote ni wacha Mungu.

"Mnalipia fomu kwanza, kisha jina linaingia"

Mfadhili wa kweli hatozi hela ya fomu, wala hana "ada ya kufungulia faili" inayotumwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Ukiona hivyo, ondoka kwenye hilo kundi la WhatsApp.

"Ikishaingia kwenye akaunti ni yetu"

Ruzuku hairudishwi kama mkopo, na hapo ndipo watu wanapopotea wakidhani ni zawadi. Ni mkataba. Fedha ya mbegu ni ya mbegu. Kuihamishia kwenye usafiri kunahitaji ruhusa ya maandishi, si simu. Kinachobaki mara nyingi kinarejeshwa. Zaidi ya hapo, kanuni za NGO za mwaka 2018 zinataka shirika linalopata zaidi ya shilingi milioni 20 liziweke wazi fedha hizo, na mkataba ufike kwa Msajili.

Halafu kuna risiti, ambazo ndizo zimewaliza wengi. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi dukani, inachapwa kwenye karatasi isiyopenda joto wala jua. Kuna kikundi cha akina mama washonaji kilichokuwa kinatunza risiti zake kwa uaminifu kwenye kopo la biskuti, juu ya rafu, hatua moja kutoka kwenye pasi ya mkaa. Mkaguzi alipolifungua kopo, risiti 11 zilikuwa nyeusi tii, hazina bei, hazina tarehe, hazina jina la duka. Vitambaa vilikuwepo, vyerehani vilikuwepo, na mtu angeweza kuviona kwa macho. Walirudi madukani kuomba nakala. Wenye maduka wengine waliwasaidia, wengine walikuwa wameshafunga na kuhama. Shilingi 412,000 zilikosa ushahidi, wakazilipa kutoka kwenye hisa zao wenyewe.

Siku hizi mweka hazina wao akitoka dukani hapiti nyumbani kwanza. Anapita steshenari, anatoa kopi mbili, anaandika kwa kalamu nyuma yake kilichonunuliwa na kikao kilichoidhinisha. Kopo wameliwekea vifungo.