Kujifunza kwa uzoefu: unafundisha wapi, na darasa linahitajika wapi

Kujifunza kwa uzoefu ni kupata ujuzi kwa kufanya jambo lenyewe, kuona matokeo yake, kisha kujirekebisha kabla ya kulifanya tena. Darasani mambo huanzia upande mwingine: mwalimu anatoa kanuni kwanza, na nafasi ya kuitumia huja baadaye, pengine isije kabisa. Watu hubishana sana ipi ni bora kati ya hizo mbili. Mimi naona swali la maana zaidi ni hili: uzoefu unafundisha vizuri wapi, na wapi unampotosha mtu?

Tutazame ujenzi. Mafundi wengi wa uashi nchini Tanzania walianza kama saidia fundi, wakibeba karai na kuchanganya udongo, mpaka siku moja wakaachiwa mwiko wapige lipu ukuta wa nyuma. Lipu ikizidi maji, inateleza hapo hapo. Ukuta ukipinda, timazi, ile kamba yenye uzito wa kupimia wima, inaonyesha kabla tofali la pili halijakauka. Kosa na jibu lake vimekaribiana, ndiyo maana mkono unajifunza haraka. Fundi huyo akitaka kona ya msingi ikae sawa, anapima futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, kisha anasogeza kamba mpaka mshazari usome futi 5. Hiyo ni kanuni ya Pythagoras, ile ile ya sekondari, na wapo walioipatia alama zote kwenye mtihani ambao ukiwakabidhi kamba na vigingi hawajui waanzie wapi. Tena mpe tofali mbili za kuchoma: atazigonganisha, asikilize mlio, akuambie ipi haikuiva. Ujuzi wa namna hiyo hauandikiki ubaoni.

Sasa njoo kwenye zege. Zege zito linasumbua kupenya kati ya nondo, kwa hiyo kwenye saiti nyingi mtu huongeza maji. Linamwagika vizuri, kazi inaisha mapema, na mbao zikibanduliwa nguzo inaonekana nzima. Uzoefu umemwambia fundi kwamba amefanya sawa. Lakini saruji huhitaji sehemu tu ya maji yale. Yanayozidi hutoka taratibu na kuacha vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na nguzo inabaki dhaifu. Jibu la kosa hilo linaweza kuchukua miaka kufika, na likifika fundi yuko saiti nyingine kabisa. Mtu anaweza kulirudia miaka 20 na kila mara akazidi kujiamini. Hili linanisumbua sana, kwa sababu wanaolala chini ya zege hilo ni watu.

Kumwagilia zege maji nako ni hivyo hivyo. Wengi huamini zege hukaza kwa kukauka, hivyo likishaonekana kavu wanaliacha. Kumbe saruji hukaza kwa kuungana na maji, na ndiyo sababu zege hutakiwa libaki na unyevu angalau siku 7. Fundi anayejua sababu hiyo, ukimpeleka Dodoma kwenye jua na upepo, atafunika zege kwa magunia yaliyoloweshwa hata kama hakuna aliyemwagiza.

Kazi ya darasa basi ni kuleta mapema jibu ambalo kazini lingechelewa. Koni ya chuma ya sentimita 30 hujazwa zege bichi, ikainuliwa, na kwa dakika chache unaona zege limeshuka kiasi gani, yaani kama maji yamezidi. Vipande vya zege vya sentimita 15 kila upande huvunjwa kwa mashine baada ya siku 28 ili nguvu yake ijulikane kwa namba.

Mwaka 1984 Mmarekani David Kolb, mtaalamu wa elimu, alieleza kujifunza kwa uzoefu kama mzunguko: unatenda, unatafakari kilichotokea, unajenga kanuni, unaijaribu upya. Wenye haraka huruka kutafakari, na hapo wanabaki na mazoea tu.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi nchini Tanzania iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa waliojifunzia kazini. Fundi anapimwa, anafundishwa yanayopungua, kisha akifaulu anapewa cheti. Wengi hutazama cheti, na kweli kinafungua milango ya ajira. Mimi nayathamini zaidi yale mafunzo ya katikati, maana hayamrudishi mtu mzima dawatini kuanza upya. Yanamwonyesha pale tu ambapo macho yake hayakuweza kufika.

Wa chuo nao wana pengo lao. Mwanafunzi akienda fildi akaishia kutoa fotokopi ofisini, amebaki darasani. Apangiwe fundi mzoefu mmoja na akae naye tangu kuchimba msingi mpaka kumwaga zege la linta, yaani boriti ya juu ya milango na madirisha, karai mkononi.