Sista, kwani mama ameandikiwa hospisi?

Kijana alikuja peke yake, barua ya rufaa ameikunja ndani ya bahasha kubwa ya eksirei. Alikuwa amemwacha mama yake nje, ndani ya teksi, chini ya mti. Hakutaka mama asome kibao cha hospisi kilicho mlangoni petu. Mama mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa kusoma kila kitu. Kijana akasogea karibu na meza, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Sista, kwani mama ameandikiwa hospisi? Si daktari alisema dawa bado zipo?"

Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani tiba ya kutuliza maumivu na mateso ya ugonjwa mkubwa, hapa Kisumu. Swali hilo nimeulizwa na watu wa Ahero, wa Siaya, wa Vihiga, na wengine waliopanda matatu alfajiri kutoka Busia. Wengi wanakuwa wameshatafuta kwenye simu usiku kucha. Huyu naye alikuwa ametafuta, akakuta kwamba hospisi ni ya mtu aliyebakiza chini ya miezi sita na ambaye ameacha matibabu. Nilimwambia kwamba daktari hakumdanganya, na alichosoma nacho si uongo. Tatizo ni kwamba alisoma habari za Marekani.

Kule Marekani bima ya serikali ya wazee, Medicare, ilianza kulipia hospisi kwa sheria ya mwaka 1982. Ili mtu aingie, madaktari wawili wanathibitisha kwamba ugonjwa ukifuata mkondo wake wa kawaida, amebakiza miezi sita au pungufu. Naye anakubali kuacha matibabu ya kuutokomeza ugonjwa huo. Ndiyo maana huko maneno haya mawili, tiba shufaa na hospisi, yametenganishwa kabisa. Tiba shufaa inaweza kuanza siku ile ile ugonjwa mkubwa unapogunduliwa, ikaenda sambamba na upasuaji, kemotherapi, mionzi au kusafishwa damu. Hospisi ni sehemu ya mwisho ya safari hiyo hiyo, pale ambapo kupambana na ugonjwa hakuleti faida tena na nguvu zote zinaelekezwa kwenye utulivu wa mgonjwa na jamaa zake. Kwa hiyo kila hospisi inatoa tiba shufaa, lakini si kila anayepata tiba shufaa yuko kwenye hospisi.

Huku kwetu mstari huo wa miezi sita haupo. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na baadaye zikaja nyingine, ya hapa Kisumu na ya Eldoret zikiwemo. Ziliitwa hospisi kwa sababu ndilo jina lililokuwepo. Ukiingia ndani, kazi nyingi inayofanyika ni ya kliniki: mgonjwa anakuja, anaonwa, anapewa dawa, anarudi nyumbani kwake, na akizidiwa tunampigia simu au tunamfuata. Hospisi zenye vitanda vya kulaza ni chache. Tuna wagonjwa walio katikati ya kemotherapi. Tuna waliomaliza matibabu na bado wana maumivu ya neva. Tuna wenye moyo uliochoka, figo zilizoshindwa, Ukimwi wenye matatizo mengine juu yake. Tuna na watoto wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao umejaa sana ukanda huu wa ziwa. Mtoto wa selimundu anayefundishwa kudhibiti maumivu akiwa na miaka saba anategemewa kukua, kusoma na kuoa. Naye anapita mlango wenye kibao hicho hicho.

Kugombana na jina hakukuanzia hapa. Cicely Saunders, mwanamke aliyekuwa muuguzi, kisha mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari, alifungua St Christopher's Hospice jijini London mwaka 1967, na tiba hii kwa sura tunayoijua ilianzia pale. Daktari mmoja wa upasuaji kutoka Montreal, Balfour Mount, alikwenda kujifunza kwake. Aliporudi akakwama kwenye jina, kwa maana watu wa Kifaransa wakisikia "hospice" walifikiria nyumba ya kutupia maskini na wazee. Wadi yake ilipofunguliwa mwaka 1975 akaipa jina la "palliative care", ndiyo hii tiba shufaa, lililotokana na neno la Kilatini, pallium, yaani joho au vazi la kujifunika. Maana hiyo huniingia moyoni. Mtu akiwa kwenye baridi, kwanza unamfunika. Habari ya jua litachomoza saa ngapi inaweza kusubiri.

Saunders ndiye aliyetufundisha pia kuuliza kuhusu maumivu yote ya mtu, na si ya mwili peke yake. Nilikuwa na mgonjwa, na hapa nimebadilisha mambo ili asitambulike, ambaye tulimwongezea mofini, dawa kali ya maumivu, mara tatu bila mafanikio. Alilia usiku. Siku moja nilikaa naye nje bila faili wala kalamu, akaniambia kwamba shamba lake halijagawanywa, na binti yake wa kwanza hajakanyaga pale nyumbani kwa miaka mingi kwa sababu ya maneno yaliyosemwa kwenye mazishi. Tulimwita mfanyakazi wa ustawi wa jamii, tukamwita mzee wa kanisa lake, binti akapigiwa simu. Akaja. Walikaa ndani ya nyumba ile saa nzima mlango umefungwa. Wiki iliyofuata tulipunguza dawa. Maumivu ya mfupa yalikuwepo kweli, kwa hiyo mofini hatukuiondoa, lakini lile lililokuwa likimliza usiku halikuwa na chupa yake kwenye kabati letu.

Mofini yenyewe inastahili maneno zaidi, kwa sababu inaogopwa kuliko saratani. Tunayotumia sana ni ya maji, inatengenezwa kwa unga na maji safi, ni chungu mdomoni na bei yake ni ya chini. Daktari Anne Merriman, aliyefanya kazi Nairobi Hospice ilipoanza kabla ya kwenda kuanzisha hospisi Uganda mwaka 1993, ni mmoja wa waliosaidia sana mofini hii ya kunywa ienee Afrika. Inafanya kazi kwa takriban saa nne, kwa hiyo inanywewa kila saa nne, na dozi ya kulala huwa tunaiongeza maradufu ili mtu apate usingizi bila kuamshwa katikati ya usiku. Kosa ninalokutana nalo kila wiki ni la kusubiri. Mgonjwa anavumilia mpaka maumivu yapande, ndipo anakunywa, na hapo dawa inakuwa inakimbiza treni iliyoondoka. Kunywa kwa saa, maumivu yawepo yasiwepo.

Siku za kwanza utasinzia na pengine utasikia kichefuchefu. Vyote hivyo kwa kawaida hupungua baada ya siku chache. Kufunga choo hakupungui. Ndiyo maana tunatoa dawa ya kulainisha choo siku ile ile, na ukiona umepewa mofini peke yake, rudi dirishani uulize. Ikitolewa kwa kipimo sahihi kwa mtu mwenye maumivu, ni nadra kumfanya mraibu. Haimwui. Wala si dawa ya mwisho: nimewahi kumwanzishia mtu mofini, akachomwa mionzi mara moja tu kwenye uti wa mgongo, maumivu yakatulia, tukaipunguza hatua kwa hatua mpaka akaiacha.

Kuna sentensi moja ambayo ningependa ifutwe kwenye kila wadi ya nchi hii: "Hakuna cha kufanya." Iliandikwa hivyo, kwa Kiingereza cha haraka, kwenye faili ya mama mmoja aliyetoka hospitali nisiyoitaja. Alikuwa na kidonda cha saratani ya titi kilichooza. Harufu ilikuwa imeijaza nyumba. Alikuwa akila peke yake jikoni, wajukuu hawaingii, majirani wanasalimia kutoka kwenye ua. Kile ambacho hakikuwepo cha kufanya kilikuwa ni vidonge vya metronidazoli, vile vile vya kuhara ambavyo kila duka la dawa linavyo. Tulivisaga, tukanyunyiza unga juu ya kidonda kila tulipobadilisha bandeji, tukamfundisha mkwe wake kufanya hivyo. Ndani ya siku chache harufu ilishuka. Nilipopita mara ya pili nilimkuta sebuleni, mjukuu amelala mapajani. Saratani ilikuwa pale pale.

Au chukua saratani ya umio, ambayo huku magharibi na Bonde la Ufa tunaiona mno. Mtu anafika hawezi kumeza hata uji. Wakati mwingine inawekwa neli ya waya inayojifungua ndani ya umio, na mtu aliyekuwa akitema mate yake mwenyewe anakunywa chai. Neli haiponyeshi. Ila mwulize yeye kama hakuna kilichofanywa.

Watu huniuliza kama kuja mapema kunasaidia kitu kinachopimika. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliofanyika Boston, wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kuenea. Nusu walipata matibabu ya kawaida ya saratani, nusu wakapata hayo hayo pamoja na tiba shufaa tangu mwanzo. Hao wa pili walikuwa na hali bora ya maisha na dalili chache zaidi za huzuni, na wakaishi kwa wastani wa kati wa miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Siwezi kukuahidi kwamba utaishi zaidi, kwa sababu tafiti nyingine hazikuonyesha tofauti hiyo ya siku. Lakini hofu kwamba kuja kwetu kunaharakisha kifo haina msingi, na mimi nimeiona ikiwafanya watu wafike wakiwa wamebakiza siku mbili, tukiwa hatuna muda hata wa kujuana majina.

Ukifika wakati wa mwisho, na kwa wengi hufika, ndipo kazi yetu inapofanana na ile hospisi ya kwenye simu. Tunaacha kuchoma sindano zisizosaidia. Tunapunguza vidonge mpaka vibaki vile vya kumtuliza. Tunawafundisha jamaa kumgeuza, kulowanisha midomo, kutambua pumzi inayobadilika ili wasikimbie hovyo barabarani usiku. Tunazungumza wazi kuhusu mahali. Huku kwetu kufia nyumbani, karibu na makaburi ya wazee wako, ni jambo zito, na familia nyingi zinajuta kwamba mtu wao alikufa kwenye wadi ya mbali huku kundi la WhatsApp likichangisha pesa za dozi ambayo isingebadilisha kitu. Na baada ya mazishi bado tunapiga simu, maana aliyemuuguza mgonjwa mwaka mzima hubaki na mikono isiyojua ifanye nini.

Yule mwalimu, mama wa kijana wa bahasha, saratani yake ilikuwa imefika kwenye mifupa. Aliendelea na vidonge vyake vya saratani kwa daktari wake na mofini kwetu, kliniki mbili, kadi mbili. Alikuja kwa zaidi ya miaka miwili. Kwa muda mrefu alipanda boda boda mwenyewe kutoka stendi.

Kama umepewa barua kama ile, siku ya kwanza njoo na ripoti zote, hata zile za zamani. Njoo na mfuko wenye dawa zote anazotumia, za hospitali na za miti shamba, hatugombezi mtu. Njoo na yule anayelala chumba kimoja na mgonjwa, kwa sababu ndiye anayejua usiku unavyokwenda. Na mgonjwa mwenyewe usimwache kwenye gari. Siku ile nilitoka nje kumsalimia mwalimu, nikamkuta ameshashuka, ameegemea mlango wa teksi, miwani usoni, anasoma kibao.