Kuongeza maji hakupunguzi sumu ya kiwandani

Imani kwamba majitaka ya kemikali yakichanganywa na maji mengi huwa salama ni ya zamani, na bado inaharibu mito. Kipimo kinashuka, sumu inabaki ileile. Chukua mita za ujazo 10 za majitaka yenye kromiamu (aina ya metali) miligramu 50 kwa lita: hizo ni gramu 500. Ongeza mita za ujazo 90 za maji safi, kipimo kitasoma miligramu 5 kwa lita, lakini gramu 500 zitafika mtoni zote. Huko Minamata, Japani, zebaki ya kiwandani iliingia kwenye ghuba nzima ya bahari, ikajikusanya ndani ya samaki na kuwadhuru watu. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956.

Tena, kuzimua kunaharibu usafishaji wenyewe. Kromiamu yenye sumu kali, umbo la kikemikali liitwalo valensi sita, hubadilishwa kuwa ya valensi tatu, isiyo kali hivyo, kwa kemikali ya sodiamu baisalfaiti kwenye pH (kipimo cha asidi na alkali) 2 hadi 3, kisha pH hupandishwa hadi takriban 8.5 ili itue kama tope. Maji yakizidi, asidi na alkali nyingi zaidi zinahitajika, na matangi hujaa kabla tope halijatua. pH ikipita kiasi, kromiamu huyeyuka upya.

Ndiyo maana sheria ya Marekani ya 1990 inatanguliza kuzuia taka kwenye chanzo. Tenga mikondo ya majitaka kwanza. Suuza bidhaa kwa matangi mfululizo, maji yakienda kinyume na mwelekeo wa bidhaa: maji yanayotumika hupungua sana.