Kinanda cha biti 32 kwenye kompyuta ya leo

Mama aliyeniletea kazi hii ni mwimbaji wa taarab wa siku nyingi. Alitoa mkobani diski ngumu iliyoviringishwa kwenye kanga, akaniambia humo mna wimbo aliorekodi mwaka 2008 na anautaka tena kwa harusi ya mjukuu wake. "Ila unishushie, mwanangu. Ile sauti ya juu sinayo tena."

Kushusha wimbo uliokwisha kuwa audio, yaani sauti iliyorekodiwa tayari, ni kazi ya dakika moja, lakini ukizidisha kidogo tu fidla zinaanza kulia kama zina mafua. Nilitaka kushusha noti zenyewe. Faili la FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, lilikuwemo kwenye diski na likafunguka bila ubishi. Ngoma zipo, besi ipo, noti za fidla zimejipanga kwenye mstari wake vilevile alivyoziacha prodyuza wa wakati ule. Nikacheza. Fidla kimya. Programu inasema chombo hakionekani.

Noti si sauti. Faili la wimbo linahifadhi noti ipi ipigwe, saa ngapi na kwa nguvu gani. Anayeipiga ni chombo, yaani programu ndogo ya aina ya VST inayopachikwa ndani ya programu ya muziki, na hicho kilibaki kwenye kompyuta ambayo huenda siku hizi ni makazi ya mende.

Kampuni ya Steinberg ilileta VST mwaka 1996, na kwa toleo la pili, mwaka 1999, vyombo vya kupigwa kwa kinanda vikapata nafasi yake. Karibu kila tulichopigia miaka ya 2000 kiliandikwa kwa biti 32. (Biti hapa si mdundo, ni upana wa hesabu za kompyuta. Nimeshaulizwa na mteja kama biti 64 zitamtosha albamu nzima.) Programu ya biti 32 haivuki GB 4 za kumbukumbu, na kwenye Windows kwa kawaida ilipewa 2 tu. Hilo halikutusumbua. Kinachosumbua leo ni kwamba programu ya biti 64 haiwezi kupakia ndani yake faili la DLL (ndilo chombo chenyewe kwenye Windows) la biti 32, hata ulibembeleze. Cubase, programu nyingine ya muziki, iliachana na biti 32 kwenye toleo la 9, mwaka 2016. Mwenzake, Ableton Live, ikafuata na toleo la 10, mwaka 2018. Mwenye Mac ndiye aliyefungiwa mlango na kufuli juu: tangu macOS Catalina, toleo la 2019, mfumo wenyewe hauendeshi kitu cha biti 32. Huyo namshauri atafute Mac ya zamani aiache hivyohivyo bila kuisasisha.

Kwenye Windows kuna daraja. FL Studio na REAPER, nayo ni ya muziki, zina lao ndani kwa ndani; wengine hununua programu ya jBridge. Daraja huendesha chombo cha kale pembeni, kama programu inayojitegemea ya biti 32, kisha hupeleka noti huko na kurudisha sauti huku. Kuna faida moja ambayo watu hawaizungumzii sana: chombo kikianguka, mara nyingi kinaanguka peke yake na wimbo wako unabaki salama.

Lakini daraja linahitaji chombo, nami sikuwa nacho kwenye kompyuta mpya. Diski ya kusakinishia chombo hichohicho ninayo kabatini, ya halali, na namba yake nimeiandika kwa kalamu ya rangi juu ya kasha. Kompyuta mpya ikaikataa: kisakinishi chenyewe ni cha biti 16, na Windows ya biti 64 haivijui vitu hivyo kabisa. Watu wengi wakifika hapo wanakata tamaa, ilhali chombo ndani ya kisakinishi ni kizima. Nikawasha laptop yangu ya Windows XP, ambayo haijaonja intaneti miaka mingi na haitaonja, nikasakinisha humo, kisha nikanakili faili la DLL pamoja na folda yake ya sauti kwenye flashi.

Njia hii haifanyi kazi kwa vyombo vyote. Vingine huandika kwenye rejista, daftari la ndani la mipangilio ya Windows, mahali folda ya sauti ilipo. Ukivihamisha bila kuhamisha maandishi hayo, vinafunguka vizuri, vitufe vinang'aa, na havitoi hata mlio. Na kama chombo chako ulipewa na rafiki kwenye flashi enzi zile, pamoja na kale kafaili ka kuvunjia leseni, usikiingize kwenye kompyuta unayofanyia kazi za watu. Virusi vingi nilivyowahi kusafisha vilipita mlango huo.

Mahali pa kukiweka pana maana yake. Vyombo vya kale vilizoea kuandika mipangilio ndani ya folda yao wenyewe. Tangu Windows Vista, folda ya Program Files haiandikwi ovyo. Programu ya zamani ikijaribu, Windows inaidanganya kwa upole na kulificha faili kwenye folda iitwayo VirtualStore, chini ya AppData. Niliwahi kupoteza jioni nzima nikitafuta sauti nilizozitengeneza mwenyewe, kumbe zimelala huko. Sasa nina folda yangu, C:\VST32, na vikongwe vyote vinaishi humo.

Fidla zikalia, ila kwa mikwaruzo. Huo nao ni ugonjwa wa kawaida. FL hukata sauti vipande vya urefu usiolingana, na vyombo vingi vya zamani vilitarajia kipande cha urefu uleule kila mara. Kwenye mipangilio ya chombo kuna alama ya kulazimisha bafa, yaani kipande hicho cha sauti, iwe ya ukubwa mmoja. Nikaiwasha, mikwaruzo ikakoma. Dirisha lilikuwa dogo kama stempu kwenye skrini yangu, lakini kwa hilo niliinama tu.

Ugonjwa wa pili ndio unaonivutia zaidi. Wimbo umesimama, hakuna noti inayopigwa, lakini prosesa inapanda badala ya kushuka. Mwangwi unapofifia, namba zake zinazidi kuwa ndogo bila kufika sifuri, na kuna kiwango cha udogo ambapo prosesa huanza kuzihesabu kwa taabu mno. Programu mpya huiamuru prosesa izichukulie kama sifuri basi. Za zamani hazikuwa na adabu hiyo. Mimi huzima mwangwi wa ndani ya chombo na kuweka mwingine wa nje. Isitoshe mwangwi wa miaka ile haukuwa wa kujivunia.

Kwa nini nisichukue fidla mpya nikapumzika? Ninazo, GB nyingi, zimerekodiwa kwenye ukumbi mkubwa na watu waliovaa suti. Nikiziweka kwenye taarab, ukumbi wote unaingia nao, akodioni inakosa pa kukaa. Zile za zamani ni nyembamba, kavu, sauti chache zinazozungushwa. Zinapita katikati ya kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, na akodioni bila kumkanyaga mtu. Na mama huyu anazijua. Ukimbadilishia atasema huo si wimbo wake, na atakuwa sahihi.

Ila sikutaka kuutegemea mkongojo huo tena. Nikaamua kuzirekodi fidla zote, noti kwa noti, ziwe benki ya sampla, yaani rekodi fupi za noti ambazo kompyuta inazipiga kama chombo. Funguo 61, nikiruka nusutoni tatu tatu, ni noti 21. Kila moja kwa nguvu tatu za kupiga, 40, 80 na 120 kwenye kipimo kinachoishia 127, zinakuwa rekodi 63. Kila rekodi sekunde 6: jumla dakika 6 na sekunde 18, kama MB 100 kwa stereo ya biti 24 na kHz 44.1. DirectWave, chombo cha sampla cha FL Studio, inaweza kuifanya kazi hiyo yenyewe, lakini mimi hupenda kuisikiliza kila noti, kwa sababu kigumu ni pale unapoizungusha sauti, yaani kuirudiarudia kipande chake, ili ishikilie muda wote unaobonyeza kitufe. Ukikata vibaya, fidla inapiga kwikwi kila sekunde. Noti mbili za chini zilinichukua muda mrefu kuliko nyingine zote pamoja. Benki hiyo haitoki studioni kwangu. Leseni nyingi zinakataza kuigawa au kuiuza.

Mama alirudi Alhamisi. Nilikuwa nimeushusha wimbo toni moja na nusu, chombo cha kale nimekizima, sampla ndiyo inayolia. Akasikiliza ubeti wa kwanza macho kafumba, akaimba kidogo kwa chini, akakohoa.

"Fidla ndizo zenyewe," akasema. "Shusha nusu tena."

Nikazichagua noti zote, nikazishusha nusu.