Saratani ya mapafu: kabla ya kidonge, pima jeni

Mgonjwa ambaye saratani ya mapafu imeshasambaa mwilini huuliza mapema: kwa nini nitundikiwe dripu wakati kuna kidonge? Swali ni la haki. Jibu lake zuri zaidi lilipatikana Asia, katika jaribio la IPASS lililochapishwa mwaka 2009.

Wagonjwa 1,217 walisajiliwa China, Japani, Thailand na nchi jirani. Wote walikuwa na adenokasinoma, aina ya saratani ya mapafu inayoanzia kwenye seli za tezi, na hawakuwahi kuvuta sigara au walivuta kidogo wakaacha. Waligawanywa kwa bahati nasibu, maana daktari akiachiwa achague, walio dhaifu hurundikana upande mmoja na huwezi tena kujua kilichofanya kazi ni dawa au ni nguvu za mgonjwa. Kundi moja lilimeza gefitinibu, miligramu 250 mara moja kwa siku. La pili lilitundikiwa dripu ya kemo, yaani kaboplatini na paklitakseli, kila baada ya wiki 3, mizunguko isiyozidi 6.

Matokeo ya mwanzo yaliduwaza. Muda wa kati kabla ya ugonjwa kuendelea (nusu ya wagonjwa huzidiwa kabla yake, nusu baada yake) ulikuwa miezi 5.7 kwa kidonge na 5.8 kwa kemo, karibu sare. Lakini kwenye mchoro wa matokeo mistari ya makundi mawili ilipishana: miezi ya mwanzo kemo iliongoza, kisha kidonge kikaipita, na ulipofika mwezi wa 12 waliokuwa bado hawajazidiwa walikuwa 24.9% kwa kidonge na 6.7% kwa kemo. Mistari ikipishana hivyo, shuku kwamba umechanganya wagonjwa wa aina mbili.

Ndivyo ilivyokuwa. Gefitinibu huzima EGFR, kipokezi kinachoiamuru seli igawanyike, na hufaa pale jeni ya kipokezi hicho inapokuwa na badiliko linalokiacha kikiwaka muda wote. Sampuli 437 zilipimika. 261 zilikuwa na badiliko. Kwa hao, kidonge kilizuia ugonjwa kwa miezi 9.5, kemo miezi 6.3. Kwa 176 wasio na badiliko, kidonge kilidumu mwezi 1.5 tu, kemo miezi 5.5. Katika kundi hilo uvimbe ulisinyaa kwa 1.1% ya waliomeza kidonge, dhidi ya 23.5% ya waliopata kemo. Na kumbuka, hawa walichaguliwa kwa sababu hawakuwa wavutaji wakubwa. Kumpa mtu kidonge kwa kuwa tu "hajawahi kuvuta" ni kubahatisha na maisha yake.

Kazi ngumu, basi, ni kipimo, nacho huharibika mapema sana, kwenye kinyama chenyewe, yaani kipande cha uvimbe kinachotolewa ili kipimwe. Kipande chembamba cha sindano hukatwakatwa kwa vipimo vingine hadi hakibaki kitu cha kupima jeni. Daktari anayekitoa aiandikie maabara tangu mwanzo kwamba EGFR itahitajika. Kinyama kiingie mara moja kwenye fomalini ya 10% iliyosawazishwa, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, na kikae humo saa 6 hadi 48. Kikisahaulika wiki nzima, DNA hukatikakatika. Kipande cha mfupa kilicholainishwa kwa asidi kali nacho mara nyingi hakisomeki. Na jibu la "hakuna badiliko" kutoka kwenye sampuli yenye seli chache za saratani lisiaminiwe, kinyama kirudiwe.

Kidonge nacho kina adha zake. Vipele vya usoni na kuharisha ndivyo vilivyojitokeza zaidi; upande wa kemo ni ganzi ya mikono na miguu, kunyonyoka nywele na kushuka kwa chembe nyeupe. Kukohoa au kubanwa pumzi kunakoanza ghafla baada ya kuanza kidonge ni dharura, kwani dawa hii huweza, mara chache, kuyavimbisha mapafu yenyewe.

Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo jingine. Wagonjwa wengi wa saratani ya mapafu hutibiwa kwanza kifua kikuu (TB). Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, hulichochea ini kuvunja gefitinibu haraka, kiasi cha dawa mwilini kikapungua kwa takriban 80%. Dawa za kupunguza asidi tumboni, kama omeprazoli, nazo hupunguza ufyonzwaji wake. Nenda kliniki na vidonge vyote unavyotumia, pamoja na kadi yako ya TB, na umwekee daktari mezani kabla hajaandika dozi ya kwanza.